Maji ya Manga

Mwambaoni, tunda lile lenye punje nyekundu zilizobanana kama meno tunaliita komamanga, na ndani ya jina hilo imo nchi nzima. Manga, kwa wazee wa Lamu, Mombasa, Pemba na Unguja, ilikuwa nchi ya Waarabu, na zaidi pande za Maskati na bara yake, yaani Oman ya leo. Wamanga ni watu waliokuja na kaskazi. Pilipili manga ni pilipili iliyofika kwa vyombo vyao, ingawa yenyewe ilianzia Bara Hindi. Majina haya tumeyazoea kiasi kwamba hatuyaulizi tena. Lakini komamanga lina neno la kusema, kwa sababu jangwani halioti. Makomamanga yanayosifiwa kuliko yote Oman hutoka Jabal Akhdar, katika uwanda wa Saiq, mita 2,000 hivi juu ya bahari, ambako usiku wa Januari maji huweza kuganda. Nchi tuliyoizoea kuwa ya joto na mchanga ilitupa jina la tunda lipendalo baridi.

Milima hiyo inaitwa Hajar, na maana yake ni mawe tu. Imepinda kama upinde kutoka Musandam, penye majabali yaliyozama baharini na kuacha vihori virefu, hadi Ras al-Hadd, zaidi ya kilometa 500. Kilele chake, Jabal Shams, kinafikia mita 3,000 hivi. Sehemu kubwa ya milima hii ilikuwa sakafu ya bahari: mwamba mweusi uliozaliwa chini ya maji yapata miaka milioni 95 iliyopita, kisha ukasukumwa ukapanda juu ya ukingo wa Bara Arabu. Hakuna mahali pengine duniani ambapo sakafu ya bahari imeanikwa juani kwa upana kama huo. Ndani ya mwamba huo mlikuwa na shaba, na shaba ndiyo iliyoiandika nchi hii katika tarehe kwa mara ya kwanza. Miaka zaidi ya 4,000 iliyopita, makarani wa Mesopotamia walichora kwenye vigae vya udongo jina la Magan, nchi iletayo shaba kwa merikebu. Makaburi ya watu wa zama hizo, yaliyojengwa kwa mawe makavu kama mizinga ya nyuki, bado yamejipanga kwenye vilima vya Bat na al-Ayn.

Nchi nzima ina kilometa za mraba 309,500 hivi. Milima ni kiasi cha asilimia 15, uwanda wa pwani asilimia 3, na inayobaki ni changarawe, mabonde makavu na mchanga, hadi magharibi inakopotelea Rub al-Khali. Mvua ya mwaka ni wastani wa milimita 100, kiasi ambacho Unguja yaweza kukipata katika siku chache za masika. Na hiyo 100 ni hesabu ya karatasini. Hupita mwaka, miwili, mitatu, bila tone la maana, halafu jioni moja wingu linakwama mlimani na korongo lililokuwa barabara ya punda linakuwa mto wenye kubeba mawe makubwa kama nyumba. Saa chache baadaye mto haupo. Milimani peke yake ndiko mvua inakofikia milimita 300 hivi katika mwaka mwema, nayo haikai juu. Inazama kwenye nyufa, inashuka ndani ya mlima, inajificha chini ya changarawe za mabonde.

Haikuwa hivyo siku zote. Katika mapango ya Hoti na Qunf wataalamu wamekata mawe yaliyoota kwa matone, wakayasoma matabaka yake kama mtu ahesabuvyo duara za mti. Walikuta kwamba kati ya miaka 10,000 na 6,000 hivi iliyopita pepo za mvua za Bahari ya Hindi zilikuwa na nguvu kuliko leo na zilifika mbali zaidi kaskazini. Kisha zikarudi nyuma taratibu. Visima vya nyanda za Nejd, nyuma ya milima ya Dhofar, mpaka leo vinatoa maji yaliyonyesha maelfu ya miaka iliyopita. Anayeyanywa anakunywa urithi usiorudishwa.

Watu waliobaki baada ya mvua kuondoka ndio waliobuni falaj. Hapa nitakawia kidogo, maana kwangu mimi hili ni jambo kubwa kuliko ngome zote za Oman.

Kwanza huchimbwa kisima kimoja chini ya mlima, penye changarawe iliyonywa maji. Huitwa mama wa falaj. Maji yakipatikana, hata kama ni kina cha makumi ya mita, hayavutwi kwenda juu. Huchimbwa handaki kuelekea bondeni, lenye mteremko mdogo sana, ili maji yatembee yenyewe bila kula udongo wala kutuama. Kila baada ya hatua kadhaa hutobolewa shimo la kupitisha hewa na kutolea kifusi, hata ukiwa mlimani unaona mstari wa vichuguu kama vya fuko ukielekea kwenye mitende. Handaki linaweza kwenda kilometa nyingi gizani kabla maji hayajaona jua mlangoni mwa mji. Wachimbaji walilala chali au walichuchumaa ndani yake, kwa taa ya mafuta na sururu. Wachunguzi wa mambo ya kale wanakuta mifereji ya namna hii pande hizo tangu karibu miaka 3,000 iliyopita. Wenyeji wana maelezo yao: Nabii Suleiman bin Daud alipita akipaa, akaikuta nchi imekauka, akawaamuru majini wachimbe mifereji 10,000 kwa siku kumi. Ndiyo maana falaj ya handaki huitwa daudi, kuitofautisha na ghaili, inayokinga maji ya juu ya korongo, na aini, inayotoka chemchemini.

Kuchimba kulikuwa nusu ya kazi. Nusu ya pili ilikuwa kugawana bila kumwagana damu. Katika miji ya falaj maji yana mwenyewe, na ardhi ina mwenyewe. Mtu aweza kuwa na shamba asiwe na maji, au awe na maji asiwe na shamba. Kipimo ni muda. Nusu saa ya maji ni athar moja, na athar 24 ni badda. Mchana walipima kwa kivuli cha nguzo. Usiku walipima kwa nyota, mojawapo Thurayya, ndiyo Kilimia chetu. Huku kwetu Kilimia kilimwambia mkulima atie jembe ardhini. Kule kilimwambia jirani afunge mlango wa maji, zamu yake imekwisha. Kulikuwa na wakili wa falaj, msimamizi wa zamu na karani wa daftari, na baadhi ya mafungu yaliwekwa wakfu kwa msikiti, kwa madrasa na kwa kuutengeneza mfereji wenyewe. Mafungu mengine yalinadiwa sokoni, mnada wa saa za maji.

Maji yakitokeza, watu wote hunywa kwanza, tajiri na maskini, na mpita njia. Kisha yanapita msikitini, kisha penye bafu za wanaume na za wanawake, ndipo yaingie mashambani. Huko nako mitende hutangulia. Mashamba ya nafaka na majani ya mifugo yamewekwa chini kabisa, mwisho wa mfereji, na hulimwa pale tu maji yanapozidi. Ukame ukija, ardhi hiyo huachwa ikae kavu, na mtende, ambao ukifa utakugharimu miaka kuupata mwingine, unapona. Kiangazi kilikuwa kimekwisha kupangiwa mahali pake kwenye ramani ya mji tangu siku mfereji ulipochimbwa. Mpaka leo falaj zipatazo 3,000 zinatiririka, na mwaka 2006 tano kati yake, pamoja na Daris ya Nizwa na al-Khatmayn ya Birkat al-Mawz, ziliingizwa katika urithi wa dunia wa UNESCO.

Kusini, Dhofar, ni kama nchi nyingine. Upepo tunaouita kusi, ule unaosukuma vyombo vyetu kwenda kaskazini kuanzia Aprili, unapofika mwezi wa Juni hupiga pwani ya Salalah kwa nguvu. Huyasukuma maji ya juu ya bahari yaondoke, na maji baridi ya vilindini hupanda kushika nafasi yake. Hewa yenye unyevu ikipita juu ya baridi hiyo inageuka ukungu, nao hukwama kwenye milima iliyo nyuma ya mji, kwa kuwa juu yake kumetandazwa hewa ya moto ya jangwani kama kifuniko. Wenyeji wanaita majira haya khareef. Tangu katikati ya Juni hadi Septemba ni manyunyu mchana na usiku, mvua nyembamba isiyojaza ndoo, lakini majani ya miti huuchana ukungu na kuudondosha chini, na milima yote inakuwa kijani kibichi. Ng'ombe wanalisha kwenye nyasi za magotini. Pwani kuna minazi na migomba; mtu wa Tanga akishushwa pale macho yamefumbwa, akiyafumbua hataona ugeni.

Vuka kilele, nenda mwendo mfupi tu kuelekea bara, ukungu umekatika kana kwamba umepigwa panga. Hapo ndipo panaota mti wa ubani. Unataka kuwa jirani wa unyevu bila kuguswa na mvua, na utomvu wake ulichomwa katika mahekalu ya Misri na Roma. Bandari ya Sumhuram, iliyosafirisha ubani huo zamani, sasa ni magofu kando ya kihori cha Khor Rori.

Mwaka 1331 msafiri Ibn Battuta alikuwa Kilwa. Alipoondoka alipakia chombo kwenda Zafar, mji ambao magofu yake yapo Salalah. Alishangaa kuona mifugo ikilishwa dagaa. Lakini hilo nalo lilitoka kwenye upepo uleule: maji ya vilindini hupanda na chakula cha samaki, samaki hujaa, na nchi kavu isiyo na majani ya kutosha inamlisha ng'ombe kutoka baharini.

Kati ya Dhofar na Hajar kuna uwanda wa Jiddat al-Harasis, mamia ya kilometa za changarawe. Wabedui wa Harasis waliishi hapo bila kisima, wakinywa maziwa ya ngamia na mbuzi, hadi kampuni ya mafuta ilipochimba maji miaka ya 1950. Ukungu wa bahari huingia huko usiku na kuacha umande, na choroa weupe wa Arabuni waliishi kwa kuulamba. Wawindaji wenye magari waliwamaliza wote waliokuwa porini mwaka 1972. Miaka kumi baadaye walirudishwa kutoka mabustani ya wanyama, wakaachiliwa pale pale.

Nchi ya namna hii ina kikomo cha watu inaowalisha. Mji wa falaj hauwezi kukua kupita maji yake. Mtoto wa tatu na wa nne aliuona mlango mmoja uliobaki wazi, nao ulielekea baharini. Majahazi ya Sur, Maskati na pwani ya Batinah yalipakia tende, chumvi na papa mkavu, yakasubiri kaskazi ya Desemba, yakashuka hadi Lamu, Mombasa, Unguja na Kilwa. Kusi ilipoanza yaliondoka mapema, au yalingoja hadi mwisho wake, kwa kuwa Juni na Julai bahari ya Arabuni haipitiki. Upepo unaoikosha milima ya Salalah ndio huohuo uvunjao merikebu. Katika safari ya kurudi walibeba nafaka, nazi na boriti za mikoko kutoka Lamu na Rufiji. Oman haikuwa na miti mirefu ya kuezekea. Boriti ya mkoko ina urefu wa mita tatu hivi, kwa hiyo vyumba vya nyumba za zamani za pwani ile vikawa vyembamba kwa kipimo hicho. Upana wa chumba Maskati uliamuliwa na msitu wa Rufiji.

Mali ya baharini ilirudi ikawa maji. Maimamu wa Ya'rubi waliwatoa Wareno Maskati mwaka 1650, na mwaka 1698, chini ya Imamu Seif bin Sultan, jeshi la Oman liliitwaa Fort Jesus ya Mombasa baada ya kuizingira karibu miaka mitatu. Sisi tunamkumbuka kwa ngome hiyo. Kwao anaitwa Qaid al-Ardh, aliyeifunga ardhi, na waandishi wa tarehe za Oman wanamhesabia falaj 17 alizochimba au kuzifufua, na mitende 30,000 na minazi 6,000 aliyopanda Batinah. Inasemekana theluthi ya mitende yote ya Oman ilikuwa yake.

Sipendi kuisifu mitende hiyo bila kuwataja walioinywesha. Batinah haina falaj za kutosha. Maji yake yalivutwa visimani kwa ng'ombe, ndoo ya ngozi baada ya ndoo ya ngozi, tangu kabla ya alfajiri. Wengi waliofanya kazi hiyo walikuwa Waafrika waliochukuliwa utumwani kutoka bara letu na kuvushwa kwa kusi ileile. Karne ya 19, tende za fardh za bonde la Samail zililiwa mpaka New York, na kadiri soko lilivyopanuka ndivyo mikono ilivyotafutwa. Mkataba wa 1845 kati ya Sayyid Said, mtawala wa Oman na Unguja, na Waingereza ulikataza kuwapeleka watumwa Arabuni, lakini vyombo viliendelea kupenya miaka mingi baadaye. Wajukuu wao wapo Sohar na Sur leo, na katika ngoma zao yamebaki maneno ya Kiswahili.

Sayyid Said bin Sultan alitawala tangu 1806. Alipofika Unguja mwaka 1828 alikuta kisiwa chenye visima vitamu, mvua mara mbili kwa mwaka na udongo uliokubali karafuu. Akajenga jumba lake Mtoni, kando ya kijito kinachotiririka mwaka mzima, na akaufanya mji wa Unguja kuwa makao yake. Wanahistoria wanaeleza uamuzi huo kwa biashara na siasa, nao wana haki. Lakini mtu aliyezaliwa mahali ambapo maji hupimwa kwa nyota, akisimama mbele ya mto usio na zamu, hahitaji kushawishiwa sana. Mwanawe Barghash, baadaye, alileta maji ya chemchemi ya Chemchem hadi Mji Mkongwe kwa mabomba. Kuleta maji mjini kutoka mbali kulikuwa ustadi wa kwao.

Baada ya Said kufa mwaka 1856 wanawe walishindana, na mwaka 1861 Waingereza waliamua: Unguja iwe dola peke yake, iilipe Maskati riale 40,000 kila mwaka. Kiasi hicho chenyewe kinaonyesha mizani ilikoelemea. Oman ilibaki na mlima, mtende na deni. Ukame ulipokuja na falaj kukauka, vijiji vya Sharqiya na Dakhiliya vilimwaga vijana wake. Hao ndio Wamanga ambao babu zetu waliwajua: si mabwana wa mashamba, bali wenye duka dogo la chumvi, sukari na mafuta ya taa, wachuuzi wa papa, wapagazi wa bandarini, wengine wakipanda treni hadi Tabora na Kigoma. Walioa, walizaa, walizikwa huku. Wengine walituma fedha nyumbani kila msimu, na sehemu yake, bila shaka, ilikwenda kuzibua handaki lililoporomoka.

Mapinduzi ya Unguja ya Januari 1964 yaliua wengi na kutawanya wengi. Oman yenyewe ilikuwa imefungwa. Mafuta yaligunduliwa Yibal mwaka 1962 na shehena ya kwanza ikaondoka 1967, lakini milango ilifunguka hasa Sultan Qaboos aliposhika utawala mwaka 1970 na kuwaita watu wake warudi. Walirudi na Kiswahili, na hadi leo unaweza kununua mboga, kutibiwa na kusuluhishwa Maskati bila kutoka katika lugha hiyo.

Mafuta yalileta pampu, na pampu haingoji Kilimia. Batinah kila mwenye shamba aliweza kuvuta kadiri ya nguvu ya mashine yake. Maji matamu ya chini yalishuka, bahari ikaingia mahali pake, na mashamba ya karibu na pwani yakaanza kufa kwa chumvi. Ipo mitende iliyosimama wima bila kichwa, safu kwa safu. Tangu 1976 maji ya bahari yanaondolewa chumvi huko Ghubra kwa ajili ya Maskati, na mabwawa kama la al-Khoud, la mwaka 1985, yanajengwa ili kuyakawiza mafuriko yazame ardhini kabla hayajafika baharini.

Na mafuriko yanakuja. Kimbunga cha Juni 1890 kiliua watu wapatao 700. Gonu, Juni 2007, iliua karibu 50 na kung'oa barabara za Maskati. Shaheen, Oktoba 2021, ilipiga Batinah yenyewe. Upande wa pili ni joto: Juni 2018, katika mji wa Quriyat, kipimo hakikushuka chini ya nyuzi 42.6 usiku wala mchana kwa siku nzima.

Huko Saiq, waliopima majira ya baridi wamekuta saa za baridi zinapungua mwaka baada ya mwaka. Miti ya matunda ya mlimani huzihesabu saa hizo wakati imelala, na zisipotimia haichanui vizuri. Mipichi na miaprikoti ndiyo inayoumia kwanza. Baadhi ya ngazi za mashamba, zilizojengwa jiwe juu ya jiwe kwenye kuta za bonde, zimeachwa kwa kukosa maji. Mikomamanga bado inavumilia. Huvunwa mwishoni mwa kiangazi, kusi inapolegea, na wakulima wanashuka nayo kwa magari hadi soko la Nizwa, mji wa falaj ya Daris.